Wenye Nyumba Hawapo

Matatu yetu ilikuwa imevuka daraja kutoka mtaa wa Sherikat wakati Mganda aliyekaa mbele yangu alipoanza kuhubiri. Jina lake Arthur, ana kibanda cha michezo ya video pale kituo cha Custom. Amani imeshatiwa saini, kwa hiyo vita siku hizi hukodishwa kwa nusu saa.

"Hii sehemu ya pili ya ule mchezo wa vita iko sawa sana," alimwambia jirani yake, kijana mrefu mwenye beji ya ofisi. "Unatuma wanajeshi wako, wanasikia. Ile ya kwanza ukipiga raia, mchezo inaisha. Wateja walikuwa wanalia! Sasa raia hakuna. Unapiga tu."

Kijana alisema, kwa Kiswahili cha Kenya, kwamba ameucheza. Bunduki ni nzuri, hilo hakatai. "Lakini bosi, kile kijiji. Sufuria iko kwa moto, nguo zimeanikwa, na hakuna mtu. Wenye nyumba walienda wapi?"

Arthur alicheka. Nami nilicheka kidogo. Mtu mzima anatafuta wapangaji ndani ya televisheni.

"Ndugu yangu, hiyo ni mchezo. Walienda tu."

"Hakuna kuenda tu. Mamangu aliacha sufuria yake kwa moto, akanibeba mgongoni mpaka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huko Kenya. Mchezo mzima, hakuna anayeuliza."

Nilitazama dirishani. Gari likasimama Custom, na Arthur akainuka, akashika mlango, akageuka.

"Lakini ile moshi ya hiyo sufuria," alisema, "iko kama ya kweli kabisa."