Sukari Aliyoagiza Ifungiwe

Ndugu waombolezaji, wengi wenu mmeshasimuliwa kijiko kilicholia ndani ya kikombe usiku wa manane, mkaambiwa mjane alimnyima mumewe chakula, na wapo wanaosema mtoto asiachwe kwa mama wa namna hiyo, basi historia hii ameiandika mjane mwenyewe, na shemeji yake anaisoma, msikie yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1988, kifungua mimba wa mama yake, akamaliza sekondari mwaka 2005, akasomea kazi za maabara hadi 2009, na Januari 2010 akaajiriwa kwenye maabara ya utafiti, kazi yake kulisha seli za saratani zinazooteshwa kwenye visahani, ndipo wenzake wakamwita Mpishi, wakimtania kwamba wageni wake hawashibi wala hawaagi.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 2021, na tarehe 2 Juni 2023 wakapata binti.

Novemba 2024 alikutwa na uvimbe kwenye kongosho, naye, kwa kuwa aliwahi kuona seli zikinyong'onyea zikikosa sukari, akamwagiza mkewe aifungie kabatini pamoja na vyakula vyote vya wanga, hata akibembeleza asimpe, mke akatii, mume akakonda mpaka pete ikawa inamvuka, na usiku ule wa kijiko mke akamkuta mama mkwe anamkorogea chai tamu, akampokonya kikombe, tangu hapo wakawa wanaviziana jikoni, kila mmoja akimlaumu mwenzake, huyu eti anaua kwa njaa, yule eti analisha uvimbe.

Siku chache baadaye daktari alieleza kwamba mwili hujitengenezea sukari, na uvimbe ukibanwa huku hugeukia chakula kingine, kwa hiyo anayeisha ni mgonjwa, na walipobaki wawili marehemu akasema, "Nilijua, mke wangu. Hata kwenye visahani, zilizobaki hai zilijifunza kula kingine. Nilitaka tu tuwe na cha kufanya, ila usimwambie mama."

Basi akala alichotaka, mama akikoroga, mke akimwegemeza, hadi alipofariki tarehe 3 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, wenzake wa maabara, na mama mkwe, ambaye mjane anamwomba mbele yenu asimtenge na binti yake.

Umepumzika, baba wa mtoto, usimkasirikie mkeo, ameitoa siri yako kwa ajili ya mtoto, na inaishia hapa, hatamwambia mwingine, hata binti yenu.