Mwalimu Gatimu na Kitabu cha Bisharo

Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, hakuna anayesoma kwa sauti katika nyumba ya Ruring'u. Kwa miaka mingi, kabla hajapofuka, asubuhi ya nyumba ile ilianza na sauti ya Mwalimu Josphat Gatimu akisoma chochote kilichokuwa mezani, hata maandishi ya pakiti ya majani chai, huku mkewe Beth akimwita kutoka jikoni, "Baba Shiro, chai inapoa." Wiki hii Beth amewasha redio, akaizima, akaiwasha tena. Haikuwa sauti aliyoitaka.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949 hapa Tetu, mtoto wa pili wa marehemu Mutahi na marehemu Wakiuru, ambao hawakujua kusoma. Maandishi ya kwanza aliyoyasoma yalikuwa gazeti lililofungiwa nyama. Alilianika juani, akasoma kisa cha mwizi aliyekuwa akifukuzwa, hadi pale karatasi ilipochanwa. Kesho yake alirudi buchani kuuliza ile nusu nyingine. "Hiyo imeenda na matumbo ya Mama Ngugi," mwenye bucha alimwambia. Mtoto akafunga safari hadi kwa Mama Ngugi, akapewa, imelowa damu. Mwizi hakukamatwa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari mjini Nyeri, akamaliza mwaka wa 1968. Huko alimeza riwaya za upelelezi kama karanga. Alipofika chuo cha ualimu aliziweka kando, akasoma vitabu vya siasa na ukombozi tu, na kuwacheka wenzake waliopenda hadithi za mapenzi. Dada yake, Shangazi Wamucii, anakumbuka kwamba aliporudi likizo kutoka chuoni hakuna aliyetaka kuketi karibu naye.

Kazi alianzia Nanyuki, Januari 1971. Hapo alikutana na Abdiweli, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye watoto wake walikuwa darasani kwake. Abdiweli alipenda mashairi. Jioni, wakinywa chai ya maziwa, alimsomea Mwalimu kutoka kitabu kilichochakaa cha tungo za Kiswahili, cha mama yake, Bisharo, aliyekuja nacho bara kutoka Kismayu alipoolewa. Yalikuwa mashairi ya safari, ya ndoa na ya kifo. Mwalimu aliyekuwa akidai kwamba ushairi ni anasa alianza kwenda kwa Abdiweli hata siku za mvua. Mwishowe Abdiweli akamwazima. "Mwalimu, hii kitabu ni ya mama. Soma, shiba, rudisha."

Tarehe 6 Desemba 1975 alimwoa Beth Wanjira, fundi wa kushona kutoka Kutus. Alimposa kwa shairi la beti kumi na mbili alilotunga mwenyewe. Beth alilisikiliza lote, sindano mkononi. "Sasa hiyo yote ni kusema unanipenda?" aliuliza. "Si ungesema tu, nimalize hii sketi."

Mwaka wa 1980 Mwalimu alihamishiwa Ruring'u, na kitabu cha Bisharo kikaja naye, akinuia kukirudisha. Aprili iliyofuata aliokoka katika mkutano wa injili mjini Karatina. Ndugu wengi hapa wanaijua desturi ya siku zile: aliyeokoka alileta vitu vyake vya dunia mbele ya watu vikachomwa. Mmoja alileta tumbaku, mwingine herini. Mwalimu alileta gunia la riwaya, na juu yake kile kitabu, kwa sababu kila shairi lilifunguliwa kwa dua ya Kiislamu. Kilipokuwa kikiungua watu waliimba, na yeye aliimba.

Lililofuata ndilo lililomtesa. Aliitwa kutoa ushuhuda Kutus, Kenol na kwingineko, na kila aliposimulia, kitabu kilizidi kuwa kibaya. Mwanzoni kilikuwa kitabu cha dini nyingine. Baadaye kikawa cha hirizi. Mwishowe kikawa cha uchawi, kilichopiga kelele motoni. Watu waliokoka kwa kisa hicho. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakusoma ila Maandiko na vijitabu vya mahubiri, na hakukanyaga Nanyuki.

Alistaafu mwaka wa 2004. Miaka miwili baadaye aliombwa aongoze maombi katika mazishi ya jirani. Alifumba macho atoe mstari wa Maandiko, na kinywani mwake ukatoka huu: "Mgeni kashaondoka, kikombe kingali moto." Waombolezaji wakaitika, "Amina!" Mama mmoja alimuuliza ni sura ya ngapi. Mwalimu alirudi kwenye kiti akainama, na watu wakadhani anamlilia jirani. Ulikuwa mstari wa kitabu cha Bisharo.

Wiki hiyo alikwenda Nanyuki. Alimkuta Abdiweli mzee, ameketi katika duka la dawa za mifugo la bintiye Habon.

"Mwalimu! Hii kitabu umesoma pole pole sana," Abdiweli alisema, akacheka.

Mwalimu alimwambia kwamba alikichoma. Alimwambia na uongo wote alioupamba juu ya kitabu hicho.

Abdiweli akasema, "Kwa hivyo nikikuazima ngamia, utachinja useme ni Mungu?"

"Nisamehe, Abdiweli."

"Yangu nimesamehe. Lakini kitabu haikuwa yangu. Ya mama mimi siwezi kusamehe, na mama ameenda."

Habon alimletea chai. Aliiacha ikapoa.

Alirudi kwa ndugu wa ushirika akiomba asimame aufute ule ushuhuda. Walimkatalia kwa upole, wakihofia imani za waliookoka kwa ajili yake. Akatii, na utii huo aliuonea aibu kuliko moto wenyewe. Abdiweli alifariki mwaka wa 2019 kabla ushuhuda haujafutwa. Katika miaka hiyo Mwalimu alirudia kusoma mashairi, na hata hadithi za mapenzi alizokuwa akizicheka, ila kila akimaliza kitabu cha kuazima alikirudisha siku hiyohiyo.

Kisukari kilimpata mwaka wa 2015, na mwaka jana kikamwondolea macho. Beth, ambaye hakuwahi kupenda vitabu, alianza kumsomea, akiruka maneno magumu na kukana kwamba ameruka. Figo ziliposhindwa alilazwa hospitalini Nyeri. Huko alimwagiza bintiye Shiro: "Nilidanganya mbele ya watu. Mnirekebishe mbele ya watu." Aliaga dunia asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025.

Katika kikao cha mazishi, Mzee Mugo wa ushirika wetu, ambaye tunamheshimu, aliomba sehemu hii ya wasifu iondolewe. "Mama Shiro, huyu alikuwa mtu wa Mungu. Watu watasema nini?"

"Watasema alidanganya," Beth alijibu. "Si ni kweli?"

"Leo ni siku ya kumsifu."

"Mugo, nimeishi na hiyo aibu miaka arobaini na nne. Ilikuwa inalala katikati yetu kama mtoto. Leo sirudi nayo nyumbani."

Mzee Mugo akasema, "Basi someni. Mimi nitainamisha kichwa."

Kwa hivyo ijulikane kwa wote mlioko hapa, na mpeleke habari Kutus na Kenol: kitabu kile hakikuwa cha uchawi. Hakikupiga kelele. Kilikuwa kitabu cha mashairi, cha mama wa watu, na Mwalimu Gatimu alijua hivyo alipokitia motoni.

Ameacha mjane, Beth. Watoto, Shiro na Mwai. Wakwe, wajukuu watano, na dada yake Wamucii. Tunamshukuru Habon, aliyefika leo kutoka Nanyuki na kukubali kuketi na familia. Mungu ampe Mwalimu pumziko, na wale ambao hakuwahi kuwafikia wasimnyime msamaha.

Sasa yuko ndani ya jeneza lililo mbele yenu, na baada ya sala atazikwa upande wa juu wa shamba hili, kando ya mama yake.