Mwalimu Drusilla Nyamoita Ochoki na Miti Inayopumua ya Ekerenyo

Mwalimu Drusilla Nyamoita Ochoki, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Nyacheki, akiwa binti wa tatu wa marehemu Mzee Mokua na marehemu Mama Bitutu. Alisoma shule ya misheni ya hapo kwao, kisha sekondari mjini Kisii, na alipohitimu ualimu mwaka 1973 alipelekwa Kwale kufundisha biolojia, ambako aliona mikoko ikisimamisha mizizi juu ya tope, akajifunza kwamba topeni hakuna hewa, na kwamba mizizi ile huivuta kwa vitundu vidogo na kuishusha chini.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Jethro Ochoki wa Ekerenyo, wakajaliwa Abner na Linda, na mwaka 1984 alihamishiwa Nyamira, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2006.

Mwezi Januari 2019, majirani waliona mizizi imechomoza kwenye mizambarau mwitu kumi na mmoja ya kinamasi chetu, wakaifukia kwa udongo na samadi, kama tufanyavyo sote mizizi ya migomba inapoinuka juu ya udongo. Kufikia Aprili miti minne ilikuwa imekauka, na jirani yetu Bwana Nyabuto, baba yake Cynthia, akatangaza kwamba imeozeshwa na maji, hivyo kinamasi kikaushwe, kipandwe chai. Mwalimu, mwenye miaka sitini na minane, aliingia topeni akaanza kufukua kwa mikono, akisema mizizi ile ndiyo pua za miti, kama ya mikoko ya Kwale, na Bwana Nyabuto alipomuuliza mbele ya watu tangu lini mti ukawa na pua, alijibu bila kuinua kichwa, "Baba Cynthia, kubali nikuzibe pua na mdomo, kisha nikuwekee chakula kizuri mezani, tuone utakaa siku ngapi." Watu walicheka, wengine wakavua viatu wakaingia kufukua naye, na miti saba iliyobaki ikachipua.

Aliugua figo kuanzia mwaka 2022, akafariki tarehe 3 Juni 2025. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, walimu wenzake, na Bwana Kirit wa dukani aliyetoa gari lake kila wiki.

Familia imepata habari kwamba juzi, maiti ikiwa bado mochari, vigingi vya kupimia mfereji wa kukaushia maji vilipigwa kinamasini. Abner na Linda waliving'oa leo asubuhi kabla ya ibada, havitarudi, na mwenye swali atawakuta hapa nyumbani.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, miti yako haifukiwi tena.