Shetani Hakushika Grenda

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mzee ambaye miezi michache iliyopita alisimama mbele yenu, hapa hapa, akawadanganya, nanyi mkampigia makofi.

Wengi mnanifahamu. Nilikuwa karani wa shamba la kahawa, na miaka yote nilikwenda kazini kwa baiskeli. Nilipostaafu nikanunua gari dogo la Kijapani, la bluu, lenye turbo. Mke wangu, Mama Neema, alitaka gari la kutushusha Tengeru sokoni na hapa kanisani. Mimi nilitaka watu wageuke kutazama. Nasema kweli mbele za Mungu: nilikuwa na miaka sitini na minane na kiu ya sifa kama mvulana wa kidato cha pili.

Jumamosi nilikuwa nikienda mjini, Lemara, wanakokutana vijana wenye magari ya mbio. "Shikamoo, Mzee Turbo!" Wakiniamkia hivyo, moyo unayeyuka! Siku moja kijana mmoja akazunguka nyuma ya gari langu, akacheka. "Mzee wetu, mkoko wako umebinua nyuma kama kuku anayekunywa maji. Ushushe, ulale!"

Nikaenda moja kwa moja Elerai kwa Fundi Rajabu, anayenitengenezea gari, nikamwambia anikatie springi za nyuma. Akakataa. "Mzee wangu, springi haikatwi kama muwa. Ukiifupisha, shokapu inabaki na urefu wake ule ule, na hapo hazielewani tena. Subiri nikutafutie seti iliyotengenezwa pamoja."

Nisubiri? Mimi, Mzee Turbo? Niliazima grenda, ile mashine ya kukatia chuma, kwa jirani, nikazikata mwenyewe nyuma ya banda la ng'ombe, mzunguko mmoja na nusu kila upande. Nikaongeza stabilaiza nene ya gari la mashindano, kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya nyuma, kwa sababu tu vijana waliisifia. Mama Neema aliponiuliza nimefanya nini, nikamjibu, "Rajabu amenifungia springi mpya." Uongo ule ulitoka laini kama uji.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Tulipakia buti ndizi mikungu mitatu, maboga na gunia la viazi, tukashuka mlimani katika manyunyu. Kwenye kona ya pili kulikuwa na tuta. Nyuma ikagonga chini, chuma kwa chuma, magurudumu yakaachia lami, na gari likazunguka lote kabla sijasema hata "Yesu!" Tuliangukia kwenye mtaro. Mimi sikupata mkwaruzo. Mama Neema alivunjika mkono.

Jumapili iliyofuata nilisimama hapa nikasema, "Shetani alitaka kutuua, lakini ameaibika!" Mkaimba, mkanishika mkono. Ndugu zangu, Bwana alituokoa kweli, hilo silifuti. Lakini shetani hakushika grenda. Niliishika mimi.

Kesho yake Rajabu alikuja nyumbani na mapapai kumpa pole mgonjwa. Mama Neema akageuza uso ukutani. "Fundi, springi zako zimenivunja mkono."

Rajabu akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Alingoja, ndugu zangu, alinipa nafasi yote. Nilipokaa kimya akasema, "Pole sana, mama. Mungu akuponye," akatoka na lawama yangu mabegani. Nilimfuata hadi getini. Hakupaza sauti. "Mzee wangu, mama umemdanganya. Nasikia jana kanisani umemdanganya hata Mungu. Bado nani?"

Swali lile lilinivunja. Nilirudi ndani nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mama Neema, Rajabu hakuzigusa springi. Nilizikata mimi."

Aliugeuza uso kutoka ukutani. Kisha akasema, "Nimekusamehe, kwa sababu nimeamriwa kusamehe. Lakini gari lako sipandi tena. Miguu ninayo."

Na kweli hakupanda. Jumapili baada ya Jumapili alishuka ule mteremko kwa miguu, mkono kwenye plasta, nami nikitembea nyuma yake, gari nimeliacha. Miaka arobaini ya ndoa, na mke wangu hawezi kuniamini kwa kona mbili! Hapo ndipo nilipoomba, si kwa makelele, nikasema, "Bwana, nitoe kwenye majivuno haya hata kama ni kwa koleo."

Nikaenda kumwomba Rajabu radhi. Alinisamehe palepale, kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza. "Gari hili siku nyingi linakwenda wapi, na limebeba nini?"

"Linashuka mlima. Limebeba mama na ndizi."

"Basi tuchague kwa ajili ya mama na ndizi. Mbio utazikuta humo humo."

Akaleta springi na shokapu za seti moja, zinazoshusha gari vidole viwili tu. Akaikataa shokapu ya mtumba niliyoipenda kwa rangi yake nyekundu, akanionyesha oili ilivyovuja. Kwenye maungio akachagua bushi za mpira, si zile ngumu za mashindano. Ile stabilaiza nene akaing'oa, maana kwenye lami yenye maji ndiyo iliyosaidia kuitupa nyuma ya gari nje ya barabara. Tukapanga magurudumu yawe sambamba, tukapakia magunia ya viazi, tukaenda kulijaribu kwenye kona zote. Ndugu zangu, haleluya! Gari lilishika barabara kama kupe!

Mama Neema alikuja gereji mwenyewe. Akashika zile springi nilizokata, akazitazama, akanitazama. "Rajabu, wewe ungempandisha mama yako humu?"

"Jana nilimpeleka sokoni humu humu, mama."

Akasema atafikiri. Alifikiri wiki tatu.

Leo asubuhi kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa nimeshavaa viatu vya kutembea, nikamwona anafungua mlango wa gari, anaketi, anafunga mkanda. Nilishuka polepole, mguu kwenye breki. Kwenye kona ya pili akanigeukia. "Baba Neema, unaliogopa gari lako mwenyewe? Kanyaga kidogo, ibada inaanza!"

Nikakanyaga, ndugu zangu! Nikakanyaga nikilia!

Namshukuru Mungu, namshukuru Rajabu, na nawaomba radhi ninyi niliowadanganya. Kama nawe una kosa ulilomsingizia shetani au fundi, usingoje mkono wa mtu uvunjike. Lipeleke kwa Bwana leo, ulitaje kwa jina lake, umwachie Yeye. Na asiyeniamini, ana haki. Amuulize Mama Neema, ameketi benchi la tatu.