Galaletsang Tiro, Aliyekula Akiwa Amesimama

Ndugu, majirani na marafiki mliofika Moshupa kabla jua halijachomoza, historia hii inasomwa na binamu wa marehemu, Kabo Motsumi, kwa niaba ya familia, naye kwa kuwa ni binamu ana ruhusa ya kumtania hata leo, na anaomba mvumilie kidogo, kwa maana masufuria yako motoni huko zizini na marehemu angekuwa ameshamwambia mara kadhaa asome haraka nyama isije ikakauka.

Marehemu Galaletsang Tiro, Motsumi kabla ya kuolewa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mashambani nje ya kijiji hiki, mwanzoni mwa letlhafula, msimu ambao maboga yanaiva, kunde zinaanikwa na asubuhi inaanza kuuma vidole, na mama yake alikuwa ametoka kuvuna matikiti ya kupika uchungu ulipomshika, ndiyo maana wazee walisema mtoto huyu amekuja na haraka zake. Aliingia shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1959, akaiacha mwaka 1965, si kwa kukosa akili, ila kwa kushindwa kukaa kwenye benchi, na mwalimu wake alimwambia baba yake waziwazi, "Mzee, huyu binti ana siafu kwenye kiti."

Tarehe 9 Septemba 1972 alifunga ndoa na marehemu Ontlametse Tiro, wakajaliwa watoto wawili, Oratile mwaka 1973 na Mothusi mwaka 1977, na tangu hapo akawa anazunguka baina ya nyumba zake tatu, akiwa kijijini anawaza shamba, akiwa shambani anawaza ng'ombe, akiwa kwenye ng'ombe anawaza nani amefunika unga kijijini. Mwaka 1982 alipata kazi katika kantini ya mgodi kule Jwaneng, akapikia wachimbaji hadi mwaka 1995, na huko ndiko alikojifunza vitunguu na bizari, jambo ambalo familia hii italikumbuka kwa muda mrefu.

Mapishi yake ya msimu huu hayakuwa na mambo mengi, boga zima ndani ya majivu ya moto, majani ya kunde na karanga za kusaga, ugali wa mtama na tikiti la lerotse ulioungwa kwa maziwa ya mgando, makongoro yaliyochemka tangu asubuhi, na kila aliyepita barabarani aliitwa, akakalishwa, akapakuliwa, wakati yeye mwenyewe alikula amesimama, sahani mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia, akionja cha huku na kukoroga cha kule. Mumewe alizoea kumwambia, "Mama Oratile, keti basi, chakula hakikimbii," naye akajibu, "Hakikimbii kwa sababu nakilinda."

Mwezi Aprili 1998 wajumbe wa posa wa kijana mmoja walikuja kumwomba Oratile, na kama ilivyo kwetu, wanaume walipika seswaa zizini, nyama ya ng'ombe kwa maji na chumvi tupu hadi iache mfupa yenyewe, kisha ikapondwa, na hapo mwanamke hana kazi. Lakini marehemu hakuweza kukaa, alizunguka ua, akachungulia, akarudi jikoni, akatoka tena, na wapishi walipokwenda kuwapokea wageni getini, aliruka kamba iliyofunga mlango wa zizi akatia vitunguu na bizari kwenye sufuria kubwa, kwa nia njema kabisa, ili mwanawe aposwe kwa chakula kitamu. Mjomba wa yule kijana alipeleka tonge moja mdomoni, akaweka sahani chini, akauliza mbele ya wote, "Jamani, kwa viungo hivi mnatuficha nini humu? Huyu ng'ombe alichinjwa, au mlimkuta amekufa?" Wageni walishika kofia zao, wakasema watarudi baada ya kulima, hawakurudi, na mwaka uliofuata kijana yule alioa Lobatse.

Oratile alimwambia mama yake neno moja tu, "Mama, mkono wako hautulii, na mimi sitakula tena kinachotoka kwenye huo mkono," akaenda Francistown kufanya kazi, na alipokuja wakati wa Krismasi alikuja na mkate wake. Marehemu alijitetea, akasema nyama ilikuwa nzuri na wale watu ndio hawakuwa na ulimi, lakini kila letlhafula alipika seswaa ya chumvi tupu, akaifunga vizuri, akaituma kwa basi Francistown, na chombo kiliporudi kitupu na kisafi alifurahi kupita kiasi, mpaka Mothusi alipomweleza kwamba wanaokula ni majirani wa dada yake. Akauliza, "Wamesemaje kuhusu chumvi?" na aliendelea kutuma. Iliuma, tuseme ukweli, ilimuuma kuliko hata kifo cha mumewe mwaka 2009, kwa sababu kifo hicho aliweza kukililia.

Mwaka 2020 miguu ilianza kuvimba, ikaonekana figo zimechoka, daktari akamwamuru akae, naye akamuuliza, "Daktari, nikikaa, nani atageuza sufuria?" Machi 2022 hali ilipozidi, Oratile aliomba likizo, akaja kumuuguza mama yake, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akalala chini kando ya kitanda chake, ila yeye alikula mkate na samaki wa kopo chumbani, mlango umefungwa. Kila siku marehemu aliuliza, "Umekula?" akajibiwa, "Nimekula, Mama," na kila siku aligeuza uso ukutani, kwa maana pua yake haikuwa na ugonjwa wowote.

Jumamosi tarehe 7 Mei aliomba atolewe nje penye moto, Mothusi alikuwa ameleta nyama ya shingo, na Oratile akapika, mama yake akimwelekeza kutoka kwenye kiti, "Maji yazidi kidogo, usifunue, nimesema usifunue, binti!" Nyama ilipopondwa, marehemu alimuuliza taratibu, "Ile ya posa, kweli ilikuwa mbaya?" Oratile akasema, "Ilikuwa tamu, Mama. Niliila yote jikoni walipoondoka, nikilia. Ndilo lililoniudhi." Wakacheka, wote wawili, wakacheka mpaka wakafutana machozi, kisha mama akaisogeza sahani yake ya nyama ambayo hakuweza kuimeza, akamwekea mwanawe mapajani, na Oratile akala, akala mpaka akafuta sahani kwa kidole, akasema, "Niongeze, Mama." Marehemu alishika mikono ya kiti ainuke, akajaribu tena, kisha akajiegemeza nyuma, akasema, "Jichotee mwenyewe, mwanangu. Mimi nimechoka." Tuliokuwepo tulitazamana, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Alifariki kesho yake, Jumapili tarehe 8 Mei 2022, kabla ya saa sita mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, ameacha watoto wawili na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliochota maji na kuleta kuni, wenzake wa zamani wa kantini waliosafiri usiku kutoka Jwaneng, na wanaume walioko zizini saa hii, pamoja na Oratile aliyeomba, na wazee wakamkubalia, apakue yeye sahani ya kwanza.

Galaletsang, mama yetu, binamu yangu, keti sasa, upumzike kwa amani, sisi tutajichotea.