Reuben Momanyi na Bei ya Krona ya Jumatatu Ile

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa sebule hii ya Bani Malik, hapa Jeddah, mpaka kwenye ngazi, mimi ni Roseline, mdogo wake marehemu, nimetoka Riyadh kwa ruhusa ya siku mbili niliyopewa na madam ninayemfanyia kazi, na familia imenituma nisome maisha ya kaka yangu kabla mwili haujasafirishwa nyumbani kesho, nami nitayasoma yalivyokuwa, pamoja na yale aliyotuchosha nayo.

Reuben Ondieki Momanyi alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Nyansiongo, Nyamira, kifungua mimba wa Mzee Solomon Momanyi na Mama Zipporah, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1976, akamaliza sekondari Kisii mwaka 1986, kisha akasomea uhasibu Nakuru, ambako mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu ni makini kupita kiasi, na sisi nyumbani tukadhani ni sifa.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na shemeji Damaris, wakajaliwa Stacy mwaka 1997 na Vincent mwaka 2002.

Februari 1998 aliingia Jeddah kuwa karani wa kampuni iliyopokea samaki waliogandishwa kupitia bandarini, samaki waliotoka Aisilandi, bei yao ikipangwa kwa krona ya Aisilandi, lakini wakilipiwa kwa wakala aliyeko Denmark kwa kroni ya Denmark, hivyo kazi yake kila asubuhi ilikuwa kuuliza benki kroni moja ya Denmark inanunua krona ngapi za Aisilandi, na kuandika jibu daftarini, jambo alilolifanya miaka kumi bila kuruka siku ya kazi, na ambalo alitusimulia kwa simu hata pale tulipotaka tu kujua kama amekula.

Mwaka 2008 fedha ya Aisilandi ilianguka, Januari kroni moja ilinunua krona kama kumi na tatu, kufika Oktoba zimepita ishirini, na Jumatatu tarehe 6 Oktoba Reuben alilipia shehena kwa bei ya asubuhi, mchana krona ikaporomoka tena, jioni bosi akatazama bei ya mchana, akaona samaki walewale wangelipiwa kroni chache zaidi, akasema karani ameongeza bei na kutia tofauti mfukoni. Reuben alimpelekea daftari, bosi hakulifungua, akamwambia, "Halas, basi, Reuben, tafuta kafili mwingine wa kukudhamini, nami sitakupeleka polisi."

Neno lile lilifika Nyansiongo kabla ya mshahara wake wa mwisho, na kanisani watu wakaanza kumwita baba yetu baba wa mwizi.

Reuben alihamia Riyadh mwaka 2009, akawa mtunza ghala Al-Sulay, akapata ikama mpya, kile kibali cha kuishi, na mshahara mdogo, na hapo ndipo alipotumaliza, maana likizo zake zote aliziacha, karo ya Vincent ikachelewa mara mbili, yeye akigharamia barua na tafsiri kwenda benki za Denmark na Aisilandi, akiomba karatasi yenye mhuri ya bei ya asubuhi ile moja. Shemeji Damaris alimwambia, "Baba Stacy, rudi nyumbani, sisi tunakuamini," naye akajibu, "Ninyi hamkuniita mwizi." Mwaka 2015 baba yetu alifariki, Reuben hakuja kuzika, alisema hawezi kusimama mbele ya watu wale mikono mitupu, na mimi sikuongea naye mwaka mzima.

Karatasi ilifika Machi 2024, bei ikiwa ileile ya daftari mpaka nukta ya mwisho, akapanda basi hadi Jeddah, akamkuta bosi wake, sasa mzee aliyestaafu, akaiweka mezani. Mzee hata hakuvaa miwani. Akasema, "Reuben, mimi nilijua Desemba ileile, wakala alituma hesabu, pesa zote zilikuwa zimefika. Nilidhani umeshasahau."

Kaka yangu aliniambia kwamba hakupaza sauti, aliomba kalamu, mzee akaandika mistari mitatu na kutia sahihi, na mistari hiyo ilisomwa kanisani Nyansiongo Jumapili ya Pasaka, mama yetu akiwa ameketi mbele, kiti cha baba kikiwa na mtu mwingine.

Aliugua moyo Januari 2025, akalazwa Riyadh, akaja Jeddah kungoja ndege ya kurudi nyumbani kabisa, na tarehe 9 Juni, siku nne kabla ya safari, akafariki katika nyumba hii.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa Al-Sulay waliochanga nauli ya mwili, majirani mliozunguka ofisi wiki mbili kwa ajili ya makaratasi yake, na bosi wake wa zamani, aliyetuma gunia la mchele, ambalo tumelipokea kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa.

Pumzika kwa amani, kaka. Sisi bado tuna hasira na wewe, lakini tunakuja nawe mpaka nyumbani.