Jeki Iliyofaulu Ukaguzi

Sogezeni viti karibu na kitanda, wanangu, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mlangoni, na nitakayoyasema leo sina pumzi ya kuyarudia. Wewe mkubwa, kaa hapo juu ya sanduku la nguo, na hiyo sura ya kunionea huruma iweke kando kwanza, huenda nikimaliza usiitake tena. Na wewe Njiani, mdogo wao, zima simu. Najua ni mteja, anataka spea kabla mkaguzi hajaenda kula. Mwambie akanunue ya kwake, kisha uzime. Na wewe binti yangu, acha kukunja hayo mashuka, njoo ukae hapa nikushike mkono, kwa sababu mengi nitakayoyasema ni yako, ingawa nitaanza na ya wote ili nijipe moyo.

Nyumba hii ya vyumba vitatu ni ya dada yenu. Msitazamane. Mkifikwa na shida mtalala humu, lakini ufunguo na hati ni vyake, na atakayemsumbua juu ya hilo ajue anasumbuana na mimi huko nitakakokuwa. Kiwanja cha nyuma mgawane ninyi wanaume wawili katikati, uzio usipite juu ya bomba la maji, nawajua mtaanza kuoneshana ubabe kwenye bomba. Redio achukue mkubwa, ndiye pekee anayejua pa kuipiga kofi ikikwama. Basi, mali yangu imekwisha, si mnaona jinsi ilivyo fupi? Sasa nakuja kwenye vifaa.

Njiani, tangu niugue unakaa wewe pale ng'ambo ya geti la uwanja wa ukaguzi wa magari, chini ya bati langu, na unahesabu moyoni kwamba vifaa vile ni urithi wako. Madereva wamekuja kunijulia hali humu ndani wakakusifu, wanasema mkono wako mwepesi, unaweka spea kwenye buti ya mtu kabla hajamaliza kukudanganya kwamba ya kwake imeachwa nyumbani. Walidhani wananifurahisha. Kila sifa yako, mwanangu, imenichoma hapa kifuani kuliko huu ugonjwa wenyewe, na leo utajua kwa nini.

Nilianza kazi ile mkubwa akiwa bado anatambaa, siku niliyopita pale getini nikamwona dereva mtu mzima anambembeleza mkaguzi karibu kupiga magoti, kisa buti yake haina spea wala jeki, nikajiambia, huyu bwana hahitaji tairi, anahitaji robo saa ya tairi. Nikanunua matairi matatu ya saizi zinazopita sana, wili spana ya kufungulia nati, kabari mbili za mbao za kuzuia gari lisirudi nyuma, na jeki moja niliyouziwa kama chuma chakavu kwa sababu parafujo yake ilikuwa imekufa, haizunguki hata uipande kwa miguu miwili. Niliipaka rangi nyekundu, nikaipaka na grisi kwenye meno ionekane imetoka kazini. Mkaguzi hanyanyui gari, mkaguzi anachungulia na kuweka tiki. Jeki ile imefaulu ukaguzi mara nyingi kuliko mitihani yenu yote watatu mkijumlishwa, na haijawahi kunyanyua hata baiskeli.

Dereva alichukua vifaa, akaingia getini, akatoka na stika mpya kwenye kioo, akanirudishia na kunilipa, na mwingine akavipokea vikiwa bado vya moto. Mkaguzi mwenyewe aliijua jeki yangu, akifungua buti anasema, "Shikamoo jeki, umeamkaje?" na sisi wote tunacheka mpaka machozi. Sikuona ubaya. Serikali inataka kuona, dereva anataka kupita, mimi nataka watoto wangu wale, nani ameumia? Nilijiona mjanja wa mji. Naomba maji kidogo. Kidogo tu, yananipalia.

Asubuhi ya siku ile alikuja yule dereva, Taratibu. Ndiyo, huyohuyo, msikunje nyuso. Alikuwa na teksi nyeupe, na jina lile tulimpa sisi wa pale getini kwa sababu alikuwa anapitwa mpaka na mikokoteni, mtu mwangalifu kupita kiasi. Alichukua vifaa vyangu, akapita, akapata stika, kisha badala ya kunirudishia akasimama mbele yangu amevua kofia akasema, "Kaka, niachie hivi vitu hadi jioni tu. Tairi la nyuma kushoto silipendi. Kesho nitajitafutia vyangu." Akataka kuniachia kitambulisho chake. Nyuma yake kulikuwa na magari manne yanasubiri. Nikamwambia, kwa sauti ili wenzake wasikie, "Vifaa vyangu havisafiri!" Wakaangua kicheko, nami kile kicheko nikakifurahia, siwafichi. Nilifungua buti yake kwa mkono wangu huu, nikalitoa tairi, nikaitoa na jeki. Kama angekwenda nayo angegundua kwamba haifanyi kazi, na hilo nalo nililiogopa. Yeye alifunga buti polepole, akaondoka.

Saa sita mchana mama yenu akashikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya siku zake. Mimi nilikuwa getini. Mkubwa ulikuwa shule ya bweni. Nyumbani alikuwepo binti yangu peke yake, na akakimbilia barabarani kusimamisha gari.

Usiondoe mkono, mama. Ngoja kwanza.

Likapita gari la kwanza, la bluu, kuukuu, halina stika, ukaliacha. Uliliacha kwa sababu mimi baba yako nilikufundisha, tena nilikufundisha ukiwa umekaa magotini pangu, kwamba gari lisilo na stika usipande, hata kama dereva ni mjomba wako. Likaja jeupe, stika inang'aa, mpya ya asubuhi ileile, ukanyoosha mkono. Hayo mengine yote nimeyajua kwa kinywa chako. Kwamba tairi la nyuma kushoto lilipasuka mkiwa mmeyapita machimbo ya kokoto, hakuna nyumba wala kivuli. Kwamba Taratibu alifungua buti akabaki ameikodolea macho kana kwamba tairi lingeota pale. Kwamba gari la fundi bomba likasimama kuwasaidia, naye akafungua buti yake, na ndani kulikuwa na tundu na kipande cha kapeti. Gari lile, wanangu, lilikuwa limepita kwangu Jumanne. Kwamba Taratibu aliendesha juu ya rimu mpaka rimu ikapinda na gari likagoma kabisa. Njiani, wewe ulizaliwa pale, kwenye kiti cha nyuma, ukapokelewa kwa kitambaa cha kichwa cha dada yako, na watu wanaokuita jina hilo kwa mzaha hawajui wanachokisema. Mama yenu akawa anavuja damu. Lori la mchanga lilipowafikisha hospitali, nesi alimtazama mara moja tu, na hakukimbia.

Siku ya mazishi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko nimeshika kikombe, nikakusikia unamwambia shangazi yako, "Mimi ndiye niliyechagua gari." Shangazi akakwambia nyamaza, usiseme hivyo. Ilikuwa ni hatua mbili niingie, nikwambie ukweli, nikubebe. Niliweka kikombe chini nikatokea mlango wa uani.

Nawe mkubwa, jioni ileile Taratibu alikuja kutupa pole, ukamvunjia kioo cha gari kwa jiwe, ukamwita muuaji mbele ya watu wote. Alinitazama mimi juu ya bega lako, akasubiri. Sentensi moja tu ingetosha. Nilitazama viatu vyake, ndivyo nilivyofanya, nilitazama viatu vya mtu mpaka akageuka kwenda zake. Polisi walipomhoji alisema spea yake iliibwa. Wakamnyang'anya leseni, na tangu hapo anauza mkaa nyuma ya soko, na wewe kila ukipita unamtemea mate karibu na magunia yake, na mimi niliyekuzaa nakuona na kunyamaza. Kwa nini hakunitaja? Sijui. Nilikwenda siku moja nimuulize, nikaishia kununua mkaa. Alinipimia vizuri, akaongeza na vipande viwili juu. Nilirudi nao nyumbani nikalia chooni, mtu mzima na bomba nimelifungulia msinisikie.

Na msidhani niliacha. Wiki ya tatu nilikuwa nimerudi pale getini, nikajidai ni kwa ajili ya maziwa ya mtoto, nikasema mwezi mmoja tu. Imetimia miaka kumi na tisa.

Sasa wewe, mama. Una miaka thelathini. Unakwenda kwenye cherehani yako kwa miguu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, jua lako, mvua yako, na mtaa mzima unakuita bahili wa nauli. Mimi nilijua si ubahili. Yule mwashi aliyetaka kukuoa akakupeleke kwao ng'ambo ya mto, mtu mwema, ulimkatalia kwa sababu ya safari, na aliponijia analia nikamwambia binti yangu ana kichwa kigumu. Nilikusingizia, kisha nikala chakula ulichonipikia. Mama yako hakufa kwa sababu ya mkono ulionyoosha. Ulichagua gari kama ulivyofundishwa, na aliyekufundisha ndiye aliyekuwa akikodisha spea za kupatia stika kwa robo saa, alijua fika kwamba nyuma ya stika zile hakuna kitu. Kosa lile lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi, halijawahi kuwa lako hata kwa dakika moja.

Umeutoa mkono. Haya. Ni haki yako.

Njiani, nisikilize kabla pumzi haijaniishia. Usikodishe tena, hata mara moja, hata aje anayelia. Matairi yale matatu, na ile jeki nzima uliyonunua wewe, tafuta madereva wasio na spea, uwafungie kwenye magari yao vibaki humo humo, usipokee kitu. Ile nyekundu ipeleke kwa mfua vyuma, usiiache mlangoni ukaondoka, simama mpaka uione motoni. Utafute kazi nyingine. Mikono yako myepesi itakupatia, nakuombea. Na usijitie hatia ya kuzaliwa. Ukiona dada yako amekutazama vibaya leo, mvumilie, ni mimi anayenitazama.

Mkubwa, nenda kwa Taratibu. Nenda saa soko limejaa, kwa sababu ulimtukana mbele ya watu na si faraghani. Umwambie, baba amesema kila kitu. Usimpelekee zawadi, atadhani unamlipa. Akitaka kukupiga, akupige. Na nikizikwa, atakayesimama kunizungumzia asiseme nilikuwa mtu wa watu. Aseme nilikuwa nani, kwa kirefu, yule fundi bomba akiwepo na asikie, halafu mnifukie mwende zenu...

Mbona amesimama? Mama... unakwenda wapi? Mkubwa, mwache, usimshike. Mwacheni atoke.

Niinueni kidogo, mto umeteleza. Hivyo. Chungulia dirishani, Njiani. Yupo uani? Amesimama tu? Ametupa mgongo. Basi msimwite. Hata akikaa huko mpaka kesho, msimwite kwa ajili yangu.

Nipeni vichwa vyenu niviguse. Mkubwa, Mungu akuondolee hasira niliyokuachia uibebe, haikuwa yako, na akuzidishie hao watoto wako. Njiani... Mungu akupe maisha marefu, maana yamelipiwa... akupe maisha marefu. Radhi yangu mnayo ninyi wawili, nimewapa, nimewapa kwa moyo mweupe. Yeye sina cha kumpa. Mimi ndiye wa kumwomba yeye radhi, na siwezi kupaza sauti ifike huko uani.

Kifua kimejaa... ngojeni. Ngojeni nivute...

Akirudi akanikuta nimenyamaza, msimwambie nilimbariki. Msimwambie nililia, atanionea huruma bure. Mwambieni... Njiani, sogea, weka sikio. Mwambieni alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mmenisikia? Kumi na mmoja. Mwambieni alikuwa mtoto.